Karafuu, Chai na Kitunguu Saumu: Je, Vinaweza Kuokoa Jino?

Mpenzi msomaji, je, umewahi kuumwa na jino usiku wa manane, bweni zima likikoroma na wewe peke yako umeketi kitandani umeshika shavu kama mtu anayesikiliza redio? Kama hujawahi, mshukuru Mola. Mimi yamenipata. Mwaka jana, muhula wa pili, gego langu la chini upande wa kulia lilianza kunigonga kama nyundo. Usiku wa tatu mwenzangu wa kitanda cha juu, ambaye kwao ni Mombasa, alishuka, akafungua sanduku lake na kutoa kijikaratasi kilichokunjwa vizuri. Ndani mlikuwa na karafuu.

"Nyanya alinipa," akaninong'oneza. "Ponda moja, shindilia kwenye tundu, ufunge mdomo ulale."

Nilishindilia. Haki ya Mungu, baada ya dakika chache ufizi ulikufa ganzi, maumivu yakatulia, nami nikalala fofofo hadi kengele ya alfajiri. Tangu siku hiyo nikawa mhubiri wa karafuu. Aliyeumwa na jino alitumwa kwangu. Mimi mwenyewe nilitembea na karafuu mfukoni kwa muda wa wiki sita hivi, na ilipofika wiki ya nne maumivu yalikoma kabisa. Nikajiona daktari! Kumbe sivyo. Likizo ya Agosti ilipofika, shavu lilikuwa limefura kama andazi, na daktari wa meno alipochungulia kinywani alisema maneno mawili tu: "Linang'olewa hili."

Nikamweleza habari ya karafuu. Alicheka, kisha akasema karafuu ilikuwa imefanya kazi yake barabara, ila haikuwa kazi niliyodhani mimi. Maneno hayo yalinikaa rohoni. Niliporudi shuleni nikaanza kuwasumbua walimu wa Biolojia na Kemia na kupekuapekua vitabu, maana nilitaka kujua: je, vyakula hivi tunavyoambiwa kwamba huua vijidudu vya meno huviua kweli, au ni porojo? Na kama huviua, mbona jino langu liko kwenye ndoo ya takataka za hospitali?

Tuanze na jino lenyewe. Ile sehemu ya nje, nyeupe, inayong'aa, huitwa enameli, nayo ni ngumu kuliko kitu kingine chochote mwilini, hata mfupa. Ajabu ni kwamba kitu kigumu namna hiyo huyeyushwa na asidi. Ukitaka kuona kwa macho yako, tia yai zima katika siki uliache usiku kucha. Asubuhi utakuta ganda limelainika na kuanza kuliwa, na ukilikawiza zaidi utabaki na yai lenye utando tu. (Najua mwalimu wangu wa Kemia atanisahihisha kwamba ganda la yai ni kalsiamu kaboneti ilhali jino ni kalsiamu na fosfeti. Kweli, mwalimu. Lakini katika yote mawili asidi hunyang'anya kalsiamu.)

Asidi hiyo ya kinywani inatoka wapi? Tangu enzi za Babeli watu waliamini kwamba kuna funza anayetafuna jino kutoka ndani. Hata huku kwetu wazee husema jino "limeliwa na mdudu". Hawakukosea sana, ila mdudu mwenyewe haonekani kwa macho. Mnamo mwaka 1890 Mmarekani Willoughby Miller, daktari wa meno aliyefanya utafiti wake mjini Berlin, alieleza kwamba bakteria waishio kinywani hula mabaki ya sukari na wanga, kisha hutoa asidi. Mwaka 1924, huko London, mtafiti J. Kilian Clarke alimpata mshukiwa mkuu ndani ya meno yaliyooza, akampa jina la Streptococcus mutans. Jina refu, lakini lishike, maana ndiye adui wetu katika makala haya.

Sasa sikiliza ujanja wake. Ukila sukari, bakteria huyu hutumia kimeng'enya chake kuigeuza sehemu ya sukari hiyo kuwa gundi. Kwa gundi hiyo hujibandika kwenye jino, naye huwakaribisha jamaa zake, nao hujibandika juu yake, hata unapatikana ule utando laini unaouhisi kwa ulimi asubuhi kabla hujapiga mswaki. Waswahili wana jina lake safi kabisa: ukoga. Chini ya ukoga, mahali ambapo mate hayafiki vizuri, bakteria hula sukari iliyobaki na kutoa asidi papo hapo juu ya jino. Dakika chache tu baada ya kula kitu kitamu, kiwango cha pH ndani ya ukoga huweza kushuka chini ya 5.5, na hapo enameli huanza kuyeyuka. Mate huja kuokoa jahazi, lakini huchukua kama nusu saa hadi saa nzima kurudisha hali ilivyokuwa. Ndiyo maana anayekunywa soda yake kwa mkupuo mmoja ana nafuu kuliko yule anayeinyonya kidogo kidogo kuanzia saa nne hadi saa saba. Huyo wa pili hayapi mate nafasi hata ya kupumua.

Kuna kisa kimoja kilichonifungua macho. Mwaka 1683 mfanyabiashara wa vitambaa katika mji wa Delft, Uholanzi, jina lake Antonie van Leeuwenhoek, alikwangua ukoga wa meno yake na kuutazama kwa hadubini aliyojitengenezea mwenyewe. Aliona viumbe vidogo sana vikiogelea, akaiandikia Jumuiya ya Kifalme ya Sayansi ya London kueleza maajabu hayo. Lakini hakuishia hapo. Alijaribu siki. Viumbe alivyovitoa nje na kuvichanganya na siki vilikufa palepale. Alipoisukutua siki kinywani, kisha akakwangua ukoga tena, alikuta vile vya ndani bado vi hai! Akaamua kwamba siki iliviua vya juu tu, haikupenya ukoga wote.

Msomaji, usikisahau kisa hicho. Zaidi ya miaka 340 imepita, na bado hapo ndipo penye kitendawili chote cha vyakula na meno.

Tuje kwenye karafuu yangu. Karafuu zililetwa Unguja na Pemba mwanzoni mwa karne ya 19, nazo zilifanya visiwa hivyo vijulikane dunia nzima. Kinachonukia ndani yake ni mafuta, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kemikali iitwayo yujenoli. Hii ina kazi mbili. Kwanza hutia neva ganzi. Pili huharibu utando wa seli za bakteria hata zikavuja na kufa, na katika maabara imeonekana ikimuua Streptococcus mutans waziwazi. Kwa hiyo mwenzangu wa Mombasa hakunidanganya. Hata madaktari wa meno huchanganya yujenoli na unga wa oksidi ya zinki ili kuziba tundu kwa muda. Ukiingia kliniki ya meno, ile harufu inayokupokea mlangoni mara nyingi ni ya karafuu.

Mbona basi haikuniokoa? Ni kwa sababu tundu langu lilikuwa limekwisha kupita enameli na kuingia sehemu ya ndani iliyo laini zaidi. Bakteria walikuwa wamejichimbia huko ndani, nami kila siku nilikuwa nikiwashushia mandazi na chai tamu. Karafuu iliwafikia wa mlangoni tu. Tena enameli iliyokwisha kubomoka haioti tena kama ukucha. Na ile wiki ya nne niliyofurahia kwamba nimepona? Daktari alinieleza kwamba hapo ndipo kiini cha jino, chenye neva na mishipa ya damu, kilipokuwa kikifa. Neva iliyokufa haiumi. Usaha ukaanza kujikusanya chini kwa chini bila mimi kujua. Yaani kimya kile ndicho kilichokuwa hatari zaidi.

Niliporudi muhula wa tatu, mwenzangu alikuwa amekwisha kumsimulia nyanya yake. Yule bibi alisikitika, kisha akakasirika kidogo. "Nilikupa karafuu za kumlaza mtu usiku mmoja, asubuhi aende hospitali," alisema. "Nani amewaambia mkae nazo muhula mzima?" Ama kweli hatukumwuliza. Jambo jingine ambalo alitaka tujue ni kwamba mafuta ya karafuu yenyewe, yale ya chupa, ni makali. Ukiyamimina yalivyo yanaweza kuunguza ufizi, na mtoto mdogo akiyanywa ni sumu.

Kitunguu saumu nacho kina ujanja wake. Kikiwa kizima hakina ukali mwingi. Ukikiponda, kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa ndani ya seli hukutana na kemikali nyingine, na hapo huzaliwa alisini, ile yenye harufu isiyofichika. Wanasayansi wa Marekani waliitambua alisini mwaka 1944, nayo huua bakteria wa aina nyingi pamoja na huyu wetu. Tatizo ni kwamba ukikipika kitunguu kizima kizima, moto huharibu kile kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na ukikishindilia kikiwa kibichi kwenye ufizi kinaunguza. Halafu kuna hili la kukaa darasani na wenzako. Sisemi zaidi.

Chai ndiyo iliyonivutia kuliko vyote, kwa sababu ni yetu. Mche wa kwanza wa chai nchini Kenya ulipandwa Limuru mwaka 1903, na leo nchi yetu ni miongoni mwa zinazouza chai nyeusi nyingi kuliko zote duniani. Majani ya chai yana kemikali za jamii ya polifenoli, zile zinazofanya ulimi ukakamae ukinywa chai kali isiyo na maziwa. Polifenoli hizi huwapunguza bakteria, lakini kazi yake kubwa ni nyingine: huzuia kile kimeng'enya kinachotengeneza gundi. Bakteria asiye na gundi ni kama fundi asiye na saruji, atasombwa na mate. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois mjini Chicago walieleza kwamba watu waliosukutua chai nyeusi kwa nusu dakika, wakarudia mara kadhaa, bakteria wa ukoga wao walipunguza kukua na kutoa asidi. Zaidi ya hayo, mchai hufyonza floridi kutoka ardhini na kuihifadhi majanini, na floridi huisaidia enameli. Hapa kwetu kuna hata chai ya zambarau, aina ya TRFK 306, ambayo wataalamu wetu wa utafiti wa chai waliitoa kwa wakulima mwaka 2011. Rangi yake hutokana na kemikali za ukoo huohuo wa polifenoli.

Lakini ngoja kwanza kabla hujaenda kuwaambia wazazi kwamba chai ya saa nne ni dawa ya meno. Chai inayozungumziwa na watafiti ni chai na maji. Sisi chai yetu ni maziwa nusu, na protini ya maziwa hushikamana na sehemu ya zile polifenoli. Kisha tunatia sukari. Nimewahi kumwona mtu wa kidato cha kwanza (simtaji) akitia vijiko 5 katika kikombe kimoja, huku mkononi ana mkate uliopakwa jemu. Hapo polifenoli zitafanya nini? Ni sawa na kumwajiri askari mmoja alinde ghala halafu uwaachie wezi milango yote wazi.

Kahawa nayo imepimwa. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pavia, Italia, walichukua shanga ndogo za madini yaleyale yaliyomo katika enameli, wakazipaka mate, kisha wakamwachilia Streptococcus mutans ajaribu kujibandika. Penye kahawa, alishindwa kushika vizuri. Hapa tena si kuua, ni kuzuia asipate mahali pa kukaa. Kahawa hubadilisha rangi ya meno, jambo hilo tunalijua sote, lakini meno ya rangi ya hudhurungi si lazima yawe yameoza. Waulize wenzetu wa Nakuru na sehemu nyingine za Bonde la Ufa, ambako maji ya visima vingi yana floridi nyingi kupita kiasi. Meno yao huwa na madoa tangu utotoni, na watu huwacheka bure wakidhani hawapigi mswaki. Tuache tabia hiyo, haipendezi.

Wafini wao walipita njia nyingine kabisa. Katika mji wa Turku, miaka ya 1970, watafiti waliwapa watu sukari ya namna nyingine iitwayo zailitoli, inayotokana na miti na hata magunzi ya mahindi. Watu wapatao 125 walifuatiliwa kwa muda wa miaka 2. Waliotumia zailitoli badala ya sukari ya kawaida walipata matundu machache mno. Ulimi huona utamu, lakini bakteria akiimeza hawezi kuigeuza kuwa asidi. Amedanganywa, anabaki na njaa. Utaikuta katika baadhi ya bazoka zisizo na sukari, soma tu maandishi ya pakiti. (Kama mna mbwa nyumbani, msimpe. Kwa mbwa zailitoli ni sumu kali.)

Siwezi kuuacha mti wa mswaki, ingawa si chakula. Lugha yetu imeupa mti na kifaa jina moja, na tukisema "piga mswaki" wengi hatukumbuki kwamba kuna mti unaoota katika sehemu zetu kavu na unaochokonolewa hadi leo. Kijiti chake kina kemikali kali kama ya haradali, ambayo huua hasa bakteria wanaoharibu ufizi. Dhidi ya Streptococcus mutans nguvu zake ni kidogo kuliko hapo. Lakini nyuzi zake hukwangua, na Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi yake mwaka 1986 pale ambapo watu wamezoea kuutumia.

Umeona neno hilo, hukwangua? Hapo ndipo tunarudi kwa yule Mholanzi na siki yake. Vyakula vyote nilivyovitaja vina nguvu, si uongo, lakini nyingi ya habari hizo zilipatikana katika vyombo vya maabara. Katika kisahani cha maabara bakteria huogeshwa katika maji ya karafuu au kitunguu saumu kwa saa 24, hana pa kukimbilia. Kinywani chai hupita kwa sekunde chache, ukaimeza, na mate yakasafisha iliyobaki. Tena katika kisahani mara nyingi bakteria huelea mmojammoja, ilhali kinywani yumo ndani ya ngome ya ukoga. Na isitoshe, kinywa kina aina zaidi ya 700 za bakteria na wengi wao ni majirani wema. Kuwaua wote si ushindi, ni kuchoma shamba zima kwa sababu ya gugu moja.

Kwa hiyo ngome lazima ibomolewe kwanza kwa mkono, yaani kwa mswaki, mara mbili kwa siku, na ya usiku ndiyo ya lazima, kwa maana ukilala mate hupungua. Dawa ya meno yenye floridi huifanya enameli istahimili asidi zaidi, na mpaka sasa hakuna karafuu wala chai iliyoweza kuchukua nafasi yake. Sukari nayo ipunguzwe, hasa idadi ya mara unazokula kwa siku. Ukifanya hayo, chai ya rangi isiyo na sukari baada ya mlo itakusaidia kweli, kwa sababu itakuta kazi ndogo iliyobaki. Kama tayari kuna tundu, karafuu ikupe usingizi usiku huo tu. Asubuhi mwone mwalimu wa zamu uombe ruhusa ya kwenda hospitali. Tundu dogo huzibwa kwa muda mfupi na jino likabaki lako. Mimi niliogopa sindano, na mwisho nilidungwa zaidi ya moja.

Siku hizi mpishi wetu ananibakizia kikombe cha turungi kabla hajatia maziwa na sukari katika sufuria kubwa. Wiki ya kwanza ilinishinda, ilikuwa chungu kama mwarobaini, sasa nimeizoea. Wenzangu wa meza yangu wananicheka kwamba nakunywa chai ya wazee, nami nikicheka nao pengo linaonekana.